Mwasi Aliyeomba Ruhusa

Miti ilikuwa na mwenyewe, na hapo ndipo uasi ulipokwama. Mwishoni mwa Julai 1848, katika vijiji vya kusini mwa kaunti ya Tipperary nchini Ireland, watu wenye mikuki iliyofuliwa na wahunzi wa kijijini na bunduki chache za kuwindia walitaka kuziba barabara ili askari wa Malkia Victoria wasipite. Miti mikubwa ilikuwa palepale kando ya njia. Mashoka mawili matatu, nusu saa ya jasho, na kizuizi kingekuwa tayari. Kisa kinachosimuliwa hadi leo ni kwamba kiongozi wao aliwakataza. Miti ile ni mali ya mwenye shamba. Asiiguse mtu kabla mwenyewe hajaombwa ruhusa.

Mwenye shamba huyo, tukisema kweli, angelala usingizi mzuri zaidi siku ambayo waasi wale wote wangekuwa kitanzini.

Kiongozi aliyetoa amri hiyo aliitwa William Smith O'Brien. Alikuwa na miaka 44, mbunge wa Limerick katika Bunge la London, mtoto wa kasri, msomi wa Harrow na Cambridge, mwenye ardhi aliyeishi kwa kodi za wakulima kama walivyoishi wenzake wa tabaka lake. Miezi michache baadaye alisimama kizimbani kusikia kwamba atanyongwa na mwili wake kukatwa vipande vinne. Magazeti ya Uingereza yalimcheka kwa furaha isiyo na kificho. Uasi wake yakauita vita vya bustani ya kabichi.

Kiswahili kina neno linalomkaa mtu huyu kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake: muungwana. Ni mtu huru wa kuzaliwa, mwenye nasaba na mali. Tena ni mtu mwenye adabu, asiyevunja ahadi wala kunyanyua mkono dhidi ya aliye dhaifu. Neno ni moja, na si rahisi kuonyesha nasaba inapoishia na adabu inapoanzia. O'Brien aliishi ndani ya neno hilo maisha yake yote. Ndilo lililompeleka kwenye uasi, na ndilo lililomfunga mikono alipofika.

Ukoo uliojua kuinama

Alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1803 katika kasri la Dromoland, kaunti ya Clare, magharibi mwa Ireland. Ukoo wake ulijihesabu kutoka kwa Brian Boru, mfalme mkuu aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014. Nasaba ya namna hiyo si jambo la kuning'iniza ukutani tu. Katika nchi inayotawaliwa na wageni, ni deni.

Lakini akina O'Brien walikuwa wameshajifunza jinsi ya kuishi na deni hilo bila kulilipa. Mwaka 1543 mzee wao Murrough O'Brien alikwenda kwa Henry wa Nane wa Uingereza, akausalimisha ufalme wake na kurudishiwa ardhi ileile pamoja na vyeo vipya vya Kiingereza: Earl wa Thomond, Baroni wa Inchiquin. Baadaye ukoo uliingia pia katika madhehebu ya watawala. Katika karne zilizofuata koo nyingi za Kikatoliki zilinyang'anywa mashamba na kusukumwa kwenye mawe na matope. Akina O'Brien wa Dromoland hawakusukumwa. Bendera yao ilijua upepo unatoka wapi.

William alikuwa mtoto wa pili wa kiume wa Sir Edward O'Brien. Kasri na cheo vilikuwa vya kaka yake Lucius. Yeye aliponea upande wa kuukeni: babu yake mzaa mama, William Smith, alikuwa mtu mwenye fedha, na kupitia kwake ndipo ardhi ya Cahirmoyle, kaunti ya Limerick, ilipomfikia mjukuu. Huko ndiko lilikotoka hilo "Smith" la katikati. Wenye midomo walikuwa na mzaha wao kuhusu jina hilo: kwamba ndani ya mtu yule Smith alikuwa mwingi na O'Brien kidogo. Walimaanisha ukakamavu wake. Aliongea Kiingereza cha shule za mabwana, alivaa kwa uangalifu, hakucheka hovyo, na hakuwa na kipaji cha kupiga soga na watu sokoni.

Mwaka 1828 akaingia bungeni kwa kiti cha Ennis, upande wa wahafidhina. Aliunga mkono haki za Wakatoliki ingawa mwenyewe hakuwa mmoja wao. Ila kiongozi wa Wakatoliki, Daniel O'Connell, wakili mwenye sauti ya kujaza uwanja, hakumpenda hata kidogo, na O'Connell alipogombea kaunti ya Clare mwaka uleule, O'Brien alisimama upande wa pili. Maneno yakazaa maneno, mpaka mwaka 1829 akakutana na rafiki mkubwa wa O'Connell, Tom Steele, bastola mkononi, kama ilivyokuwa desturi ya waungwana kumaliza ugomvi. Walirushiana risasi, hakuna aliyeumia, heshima ikahesabiwa imerudi. Nimeitaja habari hii kwa sababu ndiyo mara ya kwanza tunamwona O'Brien akiwa na silaha mkononi, na alikuwa ameishika kwa kufuata kanuni.

Alioa mwaka 1832. Mkewe Lucy Gabbett alitoka Limerick, wakajaliwa watoto saba. Tangu 1835 alikuwa mbunge wa kaunti ya Limerick, na kwa miaka minane hivi alikuwa mbunge wa aina ambayo waandishi wa habari huikimbia: mtu wa kamati, wa takwimu, wa miswada kuhusu maskini na shule. Aliamini kwamba Bunge la London likielezwa vizuri hali ya Ireland, litatengeneza mambo.

Imani hiyo iliisha 1843. Julai mwaka huo aliwasilisha hoja kwamba Bunge lichunguze malalamiko ya Ireland. Wakajadili usiku baada ya usiku, wakaikataa. Oktoba, O'Connell aliitisha mkutano mkubwa wa hadhara pale Clontarf kudai Ireland irudishiwe bunge lake. Serikali ikaupiga marufuku usiku wa kuamkia siku yenyewe, O'Connell akauahirisha ili damu isimwagike, na pamoja na kutii huko wakamkamata. Wiki hiyohiyo ambayo wengi waliona ni ya kujitenga na mzee, O'Brien ndiyo aliyochagua kujiunga na chama chake. Mwaka 1844 O'Connell alipokuwa gerezani, adui wake wa zamani ndiye aliyeshika usukani.

Sina hakika kama msomaji wa leo anaona uzito wa jambo hili. Lucius, kaka mtu, alikuwa mwanasiasa pia na hakukubaliana naye. Mama yake, mtu wa dini sana, alihuzunika. Katika nyumba zile kubwa za mawe ambako O'Brien alikuwa amekula chakula cha jioni tangu utoto, kudai bunge la Dublin kulikuwa ni kuwafungulia mlango watu watakaokuja kuchukua mashamba.

Kabla ya bunduki kulikuwa na kituko kimoja cha kanuni. Mwaka 1846 aliteuliwa kuingia kamati ya Bunge iliyoshughulikia reli. Akakataa: yeye ni mbunge wa Ireland, mambo ya Ireland yamemtosha, ya Uingereza wayafanye Waingereza. Bunge likamtia hatiani kwa kulidharau na kumfungia ndani ya majengo yake lenyewe siku 25. O'Connell na watu wake hawakumtetea kwa moyo. Wenzake wapya, vijana wa kundi lililoitwa Young Ireland, walimtetea. Julai mwaka huo O'Connell alipotaka wanachama wote waape kwamba silaha hazitatumika kamwe, kwa hali yoyote, O'Brien alitoka ukumbini na vijana hao, na Januari 1847 wakaunda chama chao.

Hapo bado hakuwa mtu wa silaha. Alikataa tu kuapa. Kilichombadilisha kilikuwa kinaoza ardhini.

Mwaka wa viazi vyeusi

Ukungu ulioshambulia viazi ulaya uliingia Ireland mwaka 1845. Mwaka uliofuata ulimaliza karibu mazao yote. Anayekula ugali, wali, muhogo na ndizi kwa zamu atahitaji kutulia kidogo ili aelewe maana yake: karibu watu milioni 3 waliishi kwa kiazi, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu kipande kidogo cha ardhi cha mkulima mdogo kilitoa zao moja tu linaloweza kulisha familia mwaka mzima. Ngano na mifugo vilikuwepo. Vilikuwa vya kodi. Mkulima alifuga nguruwe na kupanda nafaka ili amlipe mwenye ardhi, akala viazi. Viazi vilipogeuka uji mweusi shimoni, meli ziliendelea kupakia chakula bandarini kwa sababu chakula kilikuwa cha mtu, na mtu ana haki ya kuuza chake.

Serikali iliyokuwa London iliogopa kuharibu soko kuliko ilivyoogopa makaburi. Sheria ya 1847 iliweka sharti kwamba mwenye zaidi ya robo ekari hapati msaada wa umma. Basi mkulima achague, ardhi au uji. Wengi walichagua uji, na wenye ardhi wakabomoa vibanda vilivyoachwa. Sensa ya 1841 ilihesabu zaidi ya watu milioni 8. Ya 1851 ilihesabu milioni 6.5. Takriban milioni 1 walikufa, wa njaa na wa homa zinazoifuata njaa, na wengine zaidi ya hao walipanda meli.

O'Brien alikuwa mwenye ardhi katikati ya hayo yote. Bungeni alidai wenye mashamba wanaokaa London na kutumia huko kodi za Ireland watozwe ushuru. Alidai kazi na chakula. Hakutaka wenye mashamba waondolewe. Aliendelea kuamini, hata mwaka ule wa mazishi yasiyo na majeneza, kwamba tabaka lake lingezinduka, lingeona aibu, na lingekuja kusimama mbele ya watu wake kama inavyompasa muungwana. Aliwangoja. Hawakuja, isipokuwa yeye.

Mapema 1848 Wafaransa walimfukuza mfalme wao, na Ulaya nzima ikawaka. O'Brien alikwenda Paris na ujumbe mdogo. Miongoni mwao alikuwemo Thomas Francis Meagher, kijana mwenye ulimi wa moto kutoka Waterford. Mshairi Lamartine, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, aliwapokea kwa maneno matamu na kuwaambia kwamba Ufaransa haitaingilia mambo ya ndani ya Uingereza. Walirudi na bendera ya kijani, nyeupe na rangi ya chungwa, ambayo leo ndiyo bendera ya Jamhuri ya Ireland. Aprili O'Brien alisimama bungeni kupinga muswada wa kuwabana wasemao uchochezi, akazomewa hata asisikike. Mwisho wa mwezi uleule, huko Limerick, jimboni kwake mwenyewe, wafuasi wa marehemu O'Connell waliuvamia mkutano wa O'Brien na wenzake kwa mawe na kumjeruhi. London alizomewa kwa kuwa mwasi, Limerick akapigwa kwa kuonekana amemsaliti O'Connell. Siku kama hizo mtu mwenye mashamba yake hurudi nyumbani akafunga mlango.

Wiki moja ya Julai

Tarehe 22 Julai 1848 serikali ilisimamisha haki ya mtu kutofungwa bila kufikishwa mahakamani. O'Brien alikuwa Wexford, mgeni katika nyumba ya rafiki yake. Meagher na mwenzao John Dillon wakamfuata na habari. Njia zilikuwa tatu: kujisalimisha, kukimbia, au kupigana. Hakukuwa na silaha za kutosha, hakukuwa na fedha, mavuno yalikuwa bado shambani. Akachagua kupigana, kwa sababu ambayo hakuificha baadaye: baada ya maneno yote aliyowaambia watu, kukimbia kungekuwa aibu.

Wakazunguka Enniscorthy na Kilkenny, wakaingia Tipperary kupitia Carrick-on-Suir. Kila walipofika, kengele zililia, wanawake wakatoka na watoto, maelfu wakakusanyika. Watu walikuwa tayari kumfuata mjukuu wa Brian Boru. Walikuwa pia na njaa. Katika mji wa Mullinahone O'Brien alinunua mkate kwa fedha yake mwenyewe, kisha akawatangazia kwamba kuanzia kesho kila mtu aje na chakula chake cha siku kadhaa, kwa maana yeye hana cha kuwalisha na hataruhusu mali ya mtu yeyote ichukuliwe kwa nguvu. Maghala ya nafaka yalikuwepo. Ng'ombe walikuwepo, wamenona, wanaonekana kutoka barabarani. Mapadri nao walipita katikati ya umati wakiwasihi watu warudi makwao. Asubuhi umati ulikuwa umepungua kama maji ya bamvua yanavyorudi. Mkono mtupu haulambwi, na O'Brien alikuwa ameonyesha wazi kwamba mkono wake ni mtupu na hataujaza kwa cha mwenzake.

Katika mji huohuo alikwenda kwenye kituo cha polisi, polisi sita ndani, akawataka watoe silaha. Mkuu wao akalalamika kwamba kusalimu amri kwa watu wachache namna ile kungewavunjia heshima. Afadhali bwana arudi na watu wengi zaidi ili waonekane wamelazimishwa. O'Brien aliona hoja hiyo ina mantiki. Muungwana hamdhalilishi mtu kazini kwake. Akaondoka kuwaacha wajiandae. Aliporudi, kituo kilikuwa kitupu. Polisi na bunduki zao walikuwa wameshapita mlango wa nyuma.

Tarehe 29 Julai, karibu na Ballingarry, kikosi cha polisi zaidi ya 40 kutoka Callan, chini ya ofisa aitwaye Trant, kilikuta barabara imezibwa na umati. Wakakata shauri, wakakimbia kupitia mashambani mpaka kwenye nyumba ya ghorofa moja juu ya kilima kidogo. Ilikuwa ya mjane, Margaret McCormack, mwenye ile bustani ya kabichi ya magazeti. Mwenyewe alikuwa ametoka. Watoto wake walikuwa ndani. Polisi wakaziba madirisha kwa magodoro na samani, watoto wakabaki nao.

Terence MacManus, mfanyabiashara aliyekuwa ameiacha biashara yake Liverpool ili aje kupigana, akakusanya majani makavu na kuyasukuma mlangoni kuwasha moto. Moto ungemaliza kazi. Mjane akafika mbio, akamwendea O'Brien akilia kuhusu watoto wake. O'Brien akaamuru majani yaondolewe. Kisha akatembea yeye mwenyewe, bila kujificha, hadi dirishani, akapeana mikono na polisi waliokuwa ndani, na kuwaambia kwamba hawataki roho zao, wanataka bunduki tu.

Hapo nyuma mtu alirusha jiwe, au mawe kadhaa. Polisi wakafyatua risasi. O'Brien alikuwa bado dirishani na haikumpata hata moja. Wanakijiji wawili waliuawa, wengine wakajeruhiwa, akiwemo kijana aliyeitwa James Stephens. Mapambano ya mawe dhidi ya bunduki yaliendelea saa kadhaa, mpaka habari ikaja kwamba polisi wengine wanakaribia kutoka Cashel. O'Brien alikataa kuondoka. Walimbembeleza, wakampandisha juu ya farasi aliyetekwa kwa polisi, naye akaondoka na uasi ukawa umekwisha.

Ni rahisi kucheka. Waliomcheka wakati ule walicheka, na hata wenzake waliopona waliandika baadaye kwa uchungu kwamba mapinduzi hayaongozwi na mtu anayeomba samahani. Mimi naugawanya ungwana wake wa wiki ile katika mafungu mawili. Miti na maghala, hapo alikosea. Alilinda mali ya watu ambao walikuwa wamewaacha wapangaji wao wafe, na wenye njaa walimwelewa haraka kuliko alivyojielewa: mtu huyu ni wa upande wetu, lakini mkono wake bado uko kwenye kufuli ya ghala. Ila majani makavu ya MacManus ni jambo lingine. Nyumba ile ingechomwa, polisi wangetoka au wangeungua, Tipperary labda ingewaka, na watoto wa mjane wangekuwa ndani. Sijasoma bado hoja ya kijeshi iliyonishawishi kwamba alipaswa kuwasha.

Aliyekataa kusamehewa

Serikali ilitangaza pauni 500 kwa atakayemkamata. Katika nchi ya njaa, kwa siku kadhaa O'Brien alijificha kwenye nyumba za watu maskini na hakuna aliyeziulizia pauni hizo. Mwishowe akachoka kuwahatarisha. Tarehe 5 Agosti aliingia stesheni ya Thurles kukata tiketi ya kwenda Limerick kama abiria mwingine yeyote, na mtumishi wa reli akamtambua.

Kesi ya uhaini ilisikilizwa Clonmel. Waamuzi wa baraza walimtia hatiani huku wakiomba ahurumiwe. Tarehe 9 Oktoba alihukumiwa kifo; Meagher, MacManus na Patrick O'Donoghoe nao wakafuata. Maneno yake kizimbani yalikuwa machache: dhamiri yake imetulia, ametimiza alichoona ni wajibu wake kwa nchi yake.

London haikutaka kumnyonga. Mbunge, mtoto wa baroneti, maiti yake juu ya mti mbele ya nchi yenye hasira? Wakageuza hukumu kuwa uhamisho wa maisha. Na hapo O'Brien akawaletea kero ambayo mwanasheria yeyote angeifurahia. Aliikataa huruma hiyo. Kwa kosa la uhaini katika Ireland, alisema yeye na wenzake, sheria inajua mambo mawili tu, kifo au msamaha kamili. Uhamisho hauko kitabuni. Kama ni kifo, nyongeni. Serikali ikapekua vitabu na kukuta ana haki. Ilibidi Bunge lipitishe sheria mpya mwaka 1849 ili kumwokoa mtu huyu na kamba. Tarehe 9 Julai 1849 meli ya kivita Swift iliwachukua wote wanne kuelekea Van Diemen's Land, kisiwa tunachokiita leo Tasmania.

Wasomaji wa huku kwetu wanaifahamu dawa hii ya kisiwa. Kabarega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walipewa kipimo chao mwaka 1899, kuelekea Shelisheli. Ni adhabu inayomheshimu mwasi kwa kutomuua, na kumsahaulisha kwa kumweka mbali.

Walipofika, wafungwa waungwana walipewa nafasi: toa ahadi ya kutotoroka, nawe utaishi huru katika eneo lako. Meagher na wengine walitoa. O'Brien akakataa kuahidi, akafungwa peke yake katika kisiwa kidogo cha Maria, asiruhusiwe mazungumzo na watu, mpaka afya yake ikaharibika na barua zake zikaleta kelele bungeni London. Agosti 1850 marafiki walimpangia mashua. Alishaingia majini kuifuata alipogundua kwamba nahodha ameiuza siri. Wakamhamishia Port Arthur, na Novemba ndipo aliposalimu amri kwa marafiki waliomsihi, akaitoa ile ahadi.

Kisha MacManus alitoroka, akaenda Marekani. Meagher akatoroka, baadaye akawa jenerali katika vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe. O'Donoghoe akatoroka. John Mitchel, mhariri aliyeletwa kwa hukumu nyingine, akatoroka. O'Brien alibaki. Alikuwa ameahidi. Kwa muda fulani alifundisha watoto wa daktari mmoja kule Avoca, Kilatini na hesabu, mzao wa wafalme akisahihisha madaftari kwenye upande wa pili wa dunia. Mwaka 1854 alipewa msamaha wenye sharti la kutokanyaga Uingereza wala Ireland, akahamia Brussels na familia ikamfuata. Msamaha kamili ulikuja 1856. Katika miaka ile alikuwa ameandika juzuu mbili juu ya misingi ya serikali.

Kurudi kwake ndiko kunakonisikitisha kuliko Tasmania. Alikuwa ameiweka Cahirmoyle mikononi mwa wadhamini kwa ajili ya mkewe na watoto, ili serikali isije ikainyakua kama mali ya mhaini. Mbinu ilifaulu mno. Lucy alipofariki mwaka 1861, O'Brien alitaka ardhi yake irudi. Ikawa ugomvi wa mawakili kati ya baba na mwanawe mkubwa, Edward. Mwisho ardhi ikabaki kwa mtoto, baba akapewa posho ya mwaka. Mtu aliyekataza mti wa mwenzake usikatwe alimaliza maisha hana mti wake.

Mwaka 1862, ubaroni wa Inchiquin ulipothibitishwa kwa kaka yake Lucius, ndugu wengine walipewa heshima ya kuhesabiwa watoto wa baroni. William aliachwa nje ya orodha. Binti yake, Charlotte Grace, ndiye aliyekuja kulibeba jina kwa njia nyingine: katika miaka ya 1880 alipigania usalama wa wasichana waliokuwa wakipakiwa melini kwenda Marekani.

O'Brien alikufa Juni 1864 hotelini huko Bangor, Wales. Familia ilitaka mazishi ya kimya, lakini jeneza lilipopita Dublin alfajiri watu walikuwa wamejaa barabarani wakilisubiri. Wengi walikuwa wafuasi wa James Stephens, yule kijana aliyejeruhiwa Ballingarry, ambaye mwaka 1858 alianzisha chama cha siri cha mapinduzi. O'Brien alikipinga chama hicho hadharani. Hakuwa mtu wa viapo vya gizani. Walimzika Rathronan, Limerick.

Dromoland siku hizi ni hoteli ya kifahari. Nyumba ya mjane McCormack, ambaye familia yake ilihamia Marekani miaka michache baada ya njaa, ni makumbusho ya serikali. Na sanamu ya O'Brien, iliyochongwa na Thomas Farrell mwaka 1870, imesimama Dublin katika mtaa wenye jina la O'Connell, mikono imekunjwa kifuani. Chini yake wamechonga jina na tarehe tatu: aliyozaliwa, aliyofariki, na katikati yake, kama cheo kile walichomnyima, aliyohukumiwa kifo kwa uhaini.